Bawabu wa Barua Pepe: Namna ya Kuzikataa Barua Taka Mlangoni

Wekeni madaftari yenu tayari, maana leo yako maneno machache ya kuandika. Somo letu ni juu ya barua pepe, na hasa juu ya kazi moja: jinsi seva ya barua inavyoamriwa kuzikataa barua zisizotakiwa kabla hazijaingia ndani.

Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi nimekuja hapa kujifunza kusoma na kuandika. Kazi ya mafundi wa kompyuta yanihusu nini?" Yakuhusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, chama chako cha ushirika, shule ya watoto wako na zahanati yako siku hizi hupokea barua kwa njia hii, na barua njema ikifukuzwa kwa makosa, mwenye hasara ni wewe. Sababu ya pili, amri anazopewa bawabu huyu huandikwa kwa maneno machache, mstari mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini. Mtu asomaye kwa makini aweza kuzifahamu, na aweza kumwuliza fundi wake maswali ya maana.

BARUA TAKA NI NINI?

Barua taka ni barua ambayo hukuiomba, iliyotumwa kwa watu wengi kwa mara moja. Nyingine ni matangazo ya biashara tu. Nyingine ni mitego: zinakuambia umeshinda bahati nasibu usiyoicheza, au zinajifanya zimetoka benki ili utoe nywila yako.

Jambo hili si geni. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, mwuzaji mmoja wa kampuni ya kompyuta iitwayo Digital Equipment Corporation, jina lake Gary Thuerk, alipeleka tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika. Lakini mtandao ule ulikuwa mdogo, na watu wake walijuana. Leo tangazo la namna ile laweza kwenda kwa watu milioni nyingi, na mpelekaji halipi stempu. Gharama yote humwangukia mpokeaji: muda wake, nafasi katika mashine yake, na wakati mwingine fedha zake zinazoibwa.

Sheria nazo zimetungwa. Katika Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, yamkataza mtu kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Hata hivyo sheria humkamata mwizi aliyeonekana, lakini mlango hufungwa na mwenye nyumba.

MAZUNGUMZO YA MLANGONI

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kina seva yake. Seva ni kompyuta inayokaa macho usiku na mchana kupokea na kupeleka barua. Seva nyingine ikiwa na barua ya chama, huja mlangoni, nazo mbili huzungumza. Mazungumzo hayo yana kanuni zake, zilizoandikwa mwaka 1982, na kanuni hizo huitwa SMTP.

Mgeni husema maneno manne kwa zamu. La kwanza ni EHLO, maana yake, "Hodi, mimi ni seva fulani." La pili ni MAIL FROM, maana yake, "Barua imetoka kwa fulani." La tatu ni RCPT TO, maana yake, "Barua ni ya fulani wa kwenu." La nne ni DATA, maana yake, "Sasa nataka kuitoa barua yenyewe."

Baada ya kila neno bawabu hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Angalieni tarakimu ya kwanza tu. Ikiwa ni 2, kama 250, maana yake ni "Vema, endelea." Ikiwa ni 4, kama 450, maana yake ni "Si sasa, rudi baadaye." Ikiwa ni 5, kama 550, maana yake ni "Hapana kabisa." Andikeni: mbili ni ndiyo, nne ni ngoja, tano ni hapana.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa somo zima. Bawabu akisema "hapana" hapo mlangoni, barua haijapokewa. Bado imo mikononi mwa seva iliyoileta, na seva hiyo yapasa kumwarifu mtu wake kwamba barua yake imekataliwa. Mtu mwema atajua, naye atapiga simu au atatafuta njia nyingine.

Lakini bawabu akiipokea barua kwanza, kisha akaamua kuwa ni taka, amejitia katika shida. Akiitupa kimya kimya, mwandishi atadhani imefika na mpokeaji hatajua kama ilikuja. Akiirudisha kwa mwandishi, mara nyingi jina la mwandishi lililo juu ya bahasha ni la uongo, basi majibu yatamwendea mtu mwingine asiye na hatia, na chama chenyewe kitakuwa kinatoa taka. Akiiweka katika sanduku la takataka, ni afadhali kidogo, lakini ni wangapi wafunguao sanduku lile kila siku? Kwa hiyo desturi njema ni hii: unachotaka kukataa, kikatae mlangoni, na waziwazi.

ORODHA YA AMRI

Ziko programu nyingi za kupokea barua. Tuchukue moja, iitwayo Postfix, iliyotungwa na Wietse Venema, ambayo imetumika tangu miaka ya 1990. Amri zake huandikwa katika faili liitwalo main.cf. Tazameni mistari hii. Maneno yake hayabadilishwi hata herufi moja:

smtpd_recipient_restrictions =
   permit_mynetworks,
   permit_sasl_authenticated,
   reject_unauth_destination,
   reject_unknown_sender_domain,
   reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Neno permit ni ruhusa. Neno reject ni kukataa. Bawabu husoma kutoka juu. Mstari ukimhusu mgeni, hukumu imekwisha, na mistari ya chini haisomwi tena. Mstari usipomhusu, bawabu hushuka kwenye mstari unaofuata. Kwa hiyo mpango wa mistari ni jambo kubwa kama mistari yenyewe.

Mstari wa kwanza wa ruhusa ni wa kompyuta za nyumbani mwetu, ndani ya ofisi ya chama. Hizo zipite.

Mstari wa pili ni wa watu wetu walio nje, ambao wametoa jina na nywila. Tuseme katibu wa chama amesafiri kwenda Bukoba, naye anapeleka barua kwa simu. Simu yake imepewa namba ya mtandao inayotumiwa na watu wengi wa kampuni ile ile, na huenda namba hiyo imeandikwa katika orodha ya wasioaminika. Lakini kwa kuwa ametoa nywila sahihi, bawabu anamjua, naye anapita kabla orodha hiyo haijatazamwa. Mngeuweka mstari huu mwisho, katibu wenu mwenyewe angefukuzwa.

Mstari wa tatu ndio komeo la mlango. Maana yake: mgeni asiyetujulisha nywila asiitumie seva yetu kupelekea barua kwa watu wasio wa kwetu. Zamani seva nyingi ziliacha jambo hili wazi, kwa ukarimu tu. Katika miaka ya 1990 wapelekaji wa taka waliona nafasi hiyo, wakazitumia seva za watu wengine kama punda wa bure. Seva iliyo wazi namna hiyo leo hugunduliwa upesi, na jina lake hukataliwa kila mahali. Kwa hiyo mistari yote ya kuwapa ruhusa wageni yapasa kukaa chini ya komeo hili, wala si juu yake.

Mstari wa nne huuliza, "Je, jina la mahali barua ilikotoka lipo kweli?" Mtu akisema ametoka mji usiokuwapo, kwa nini apokewe? Lakini Postfix, isipoamriwa vingine, hujibu hapa kwa 450, yaani "ngoja", kwa maana pengine kitabu cha majina ya mtandao kimeshindwa kujibu kwa muda tu. Hii ni busara. Usimhukumu mtu kwa sababu shahidi amechelewa.

Mstari wa tano huuliza orodha ya wenye sifa mbaya. Spamhaus ni shirika lililoanza mwaka 1998, ambalo hutunza orodha za namba za mashine zinazotoa taka. Bawabu huigeuza namba ya mgeni nyuma mbele na kuiuliza. Kwa mfano, namba 192.0.2.7 huulizwa hivi: 7.2.0.192.zen.spamhaus.org. Ikiwa hakuna jibu, namba haimo orodhani. Likija jibu kama 127.0.0.2, namba imo, na mgeni huambiwa hapana.

Hapa pana shimo, na wengi wametumbukia. Spamhaus hukataa maswali yanayopitia baadhi ya seva kubwa za majina zilizo wazi kwa watu wote. Lakini kukataa kwake nako huja kwa namba: 127.255.255.254. Bawabu asiyefundishwa huona kuna jibu, akadhani kila mgeni yumo orodhani, akaufunga mlango kwa dunia nzima. Ndiyo sababu tumeandika [2..11] mwishoni: tunamwambia bawabu ni majibu yapi tu yahesabiwe kuwa ushahidi. Tena fundi yapasa aitumie seva ya majina ya chama chenyewe kuuliza maswali hayo.

MUHURI NA SAHIHI

Nimesema kwamba jina la juu ya bahasha laweza kuwa la uongo. Mtu yeyote aweza kuandika kwamba barua imetoka kwa meneja wa benki. Kwa sababu hiyo zimetungwa njia tatu za kuthibitisha.

Ya kwanza huitwa SPF. Mwenye jina hutangaza hadharani, "Barua zangu hupelekwa na mashine hizi tu." Ya pili huitwa DKIM. Barua hupigwa muhuri wa hesabu, nao huvunjika kama maneno yake yaliyotiwa muhuri yamebadilishwa njiani. Ya tatu huitwa DMARC. Hulinganisha jina linaloonekana na msomaji na zile njia mbili, kisha mwenye jina hutamka afanywe nini mwongo: aachwe, awekwe pembeni, au akataliwe.

Msikimbilie kukataa kwa SPF peke yake. Mzee aliyehama huomba barua za anwani yake ya zamani zisukumwe mpaka anwani mpya. Barua ya kweli hivyo hufika kwa mashine isiyotajwa na mwandishi, nayo huonekana kama ya uongo. Muhuri wa DKIM kwa kawaida husalimika katika safari hiyo. Basi sikilizeni mashahidi wote wawili kabla ya kutoa hukumu.

Nanyi pia, chama chenu yawapasa mtangaze SPF na kupiga muhuri, maana ninyi vilevile ni wageni katika milango ya wengine. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wapelekaji wa barua nyingi wawe na njia hizi zote tatu.

HATARI YA KUHUKUMU KWA NENO MOJA

Wako watu wasemao, "Barua taka nyingi zazungumza habari za mikopo. Basi tuikatae kila barua yenye neno mkopo." Fikirini. Siku benki ya kweli itakapoandika kwamba mkopo wa pembejeo umekubaliwa na fomu zirudishwe kabla ya Ijumaa, bawabu ataifukuza. Ijumaa itapita, na mashamba ya watu yatakosa mbolea. Neno moja si ushahidi.

Njia iliyo bora ni kutoa alama. Programu iitwayo SpamAssassin huangalia dalili nyingi, na kila dalili ina alama zake. Zikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka, ila msimamizi aweza kuubadili mpaka huo. Kadhalika hujifunza: mwaka 2002 Paul Graham alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kupima maneno ya barua njema na barua mbaya ulizokwisha kuipa, na kukisia barua mpya ni ya upande gani. Lakini SpamAssassin isipoamriwa vingine haianzi kukisia hivyo mpaka ionyeshwe barua 200 mbaya na 200 njema. Sikilizeni sana neno hilo la njema. Chama kinachoandikiana kwa Kiswahili kiifundishe kwa barua zake cha Kiswahili. Mashine iliyoona Kiingereza peke yake haitajua kwamba "mnada", "magunia" na "malipo ya awali" ni maneno ya kazi yenu ya kila siku.

JARIBU KABLA YA KUFUNGA

Haraka haraka haina baraka. Bawabu mpya asipewe rungu siku ya kwanza. Katika Postfix liko neno warn_if_reject. Likiwekwa mbele ya amri ya kukataa, bawabu hamfukuzi mgeni, bali huandika tu katika daftari lake, "Huyu ningemkataa." Mwacheni hivyo kwa juma moja au mawili. Kisha katibu na fundi wakae pamoja wasome daftari. Wakiona jina la mteja wao, au la ofisi ya wilaya, wajue amri imekaza mno.

Liko na neno lingine, soft_bounce = yes. Hili hugeuza kila "hapana" kuwa "ngoja". Seva za watu wema hazikati tamaa upesi. Kwa desturi hurudi tena na tena kwa siku nne au tano, basi mnayo nafasi ya kusahihisha kosa kabla barua haijapotea. Mkimaliza majaribio, liondoeni, maana mlango wa "ngoja" milele haumfaidii mtu.

Mwisho, acheni dirisha moja la malalamiko. Kanuni za barua pepe zadai kila seva iwe na anwani ya postmaster, yaani msimamizi wa posta. Anwani hiyo ipokee barua hata kutoka kwa aliyekataliwa kwingine, na amri ya kuiruhusu iwekwe chini ya komeo, juu ya mstari wa Spamhaus. Tena maneno ya kukataa yawe wazi: yaseme sababu, na yataje namba ya simu ya ofisi. Mtu aliyefukuzwa bila kuelezwa hana njia ya kujitetea. Kumbukeni kwamba katika nchi zetu watu wengi hushiriki namba moja ya mtandao. Kompyuta moja yenye virusi katika ofisi yaweza kuwatia doa jirani zake wote.

Ndugu zangu, mlinzi mzuri hapimwi kwa wingi wa aliowafukuza tu. Hupimwa pia kwa wema aliowapitisha. Barua taka kumi zikipenya, mtazifuta kwa dakika moja. Barua moja ya kweli ikipotea bila mtu kujua, huenda msirudishiwe kamwe kile ilichokuwa imebeba. Kwa hiyo mkataeni mwongo, mkataeni mlangoni, na mumwambie sababu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajifunza jinsi ya kutunza nywila.

MANENO YA KUKUMBUKA

Barua taka: barua isiyoombwa, iliyotumwa kwa watu wengi.
Seva: kompyuta inayopokea na kupeleka barua za wengi.
Nywila: neno la siri la kumtambulisha mtu.
Komeo: kizuizi cha mlango, katika somo hili, mstari wa reject_unauth_destination.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Seva ikijibu 250, 450 na 550, kila jibu lina maana gani?
2. Kwa nini ni afadhali kuikataa barua mlangoni kuliko kuipokea na kuitupa?
3. Katibu aliye Bukoba angepatwa na nini kama mstari wa nywila ungewekwa mwisho?
4. Taja neno moja ambalo hupatikana katika barua taka na pia katika barua za kazi yako. Kwa nini si vema kulifanya neno hilo peke yake kuwa sababu ya kukataa?
5. Kama chama chenu kina anwani ya barua pepe, mwulizeni msimamizi wake: mtu akikataliwa kwa makosa, huelezwaje, na humfikia nani?